Kabla ya Kumwita Mtoro

Katika kila kliniki ya tiba na matunzo ya watu wanaoishi na VVU kuna orodha ya watoro. Ni majina ya waliopangiwa tarehe wasitokee, waliochukua vidonge wasivimeze, waliopigiwa simu wasipokee. Muuguzi huipitia, mhudumu wa afya ya jamii hupewa majina akawatafute mitaani, na mtunza takwimu huyajumlisha katika taarifa yake. Orodha hiyo ina kazi yake. Wapo walio hai leo kwa sababu mtu alisoma jina lao mahali hapo akainuka kwenda kuwabishia hodi. Hatuna ugomvi na orodha. Ugomvi wetu ni neno lililoandikwa juu yake.

Mtoro ni neno la shuleni. Ni mtoto aliyesikia kengele, anayejua darasa liko wapi, akaamua kwenda kuogelea. Akili yake ni timamu na uamuzi ni wake, ndiyo maana dawa yake siku zote imekuwa karipio. Tunapomwita mgonjwa wa VVU mtoro, tunakuwa tumeshatoa hukumu: aliikumbuka tarehe akaipuuza. Kwa baadhi ya watu hukumu hiyo ni ya uongo. Tarehe haikupuuzwa. Ubongo uliopaswa kuitunza umeshambuliwa na virusi vilevile ambavyo kliniki imekabidhiwa kuvidhibiti. Kumkaripia mtu huyo ni kumkaripia aliyevunjika mguu kwa sababu kachelewa kufika.

Msimamo wetu ni huu. Kuchunguza afya ya ubongo wa kila mtu anayeishi na VVU ni wajibu wa huduma ya afya, kama ulivyo wajibu wa kuchunguza damu yake na mapafu yake. Wajibu huo leo hautekelezwi ipasavyo, na kila aliye na sehemu yake katika uzembe huo tutamtaja kwa cheo chake.

Tumchukue fundi cherehani wa miaka 52. Ni wa mfano, lakini wanaofanana naye ni wengi. Alianza dawa mwaka ule zilipoanza kutolewa bure nchini Tanzania, 2004, na kwa muda mrefu hakukosa kliniki. Sasa mambo yamebadilika. Uzi unakataa kuingia kwenye tundu la sindano. Anasingizia macho, ananunua miwani, na uzi bado unakataa, kwa kuwa vinavyochelewa ni vidole. Anampima mteja kiuno, akigeuka kuchukua chaki namba imeshamtoka kichwani. Suruali za sherehe zinalala mpaka sherehe inapita. Mkewe anaona kitu kinachomtisha zaidi: mtu aliyekuwa mcheshi anakaa barazani tangu asubuhi, haulizi habari ya ada za watoto, hakasiriki, hacheki. Siku ya kliniki ni Jumatatu, anafika Alhamisi, na muuguzi anampokea.

"Shikamoo, baba. Tarehe yako ilikuwa Jumatatu."

"Marahaba, mwanangu. Nimesahau tu."

"Baba, dawa hazisahauliki hivi. Na vidonge mbona vimebaki vingi?"

Mzee anatazama kopo la vidonge kana kwamba ni la mtu mwingine. Anapangiwa kikao cha ushauri nasaha kuhusu ufuasi wa dawa, anasikiliza kwa adabu, anaitikia kila neno, na akifika getini amesahau nusu yake. Muuguzi hana roho mbaya. Amefanya alichofundishwa. Swali ambalo hakufundishwa kuuliza ni hili: baba, umesahau nini kingine?

VVU havingoji mtu adhoofike ndipo viende kichwani. Vimeshaonekana katika maji ya uti wa mgongo siku chache tu baada ya maambukizi. Huingia vikiwa vimejificha ndani ya chembe za kinga zenye ruhusa ya kuvuka ukuta unaotenga damu na ubongo, mithili ya mwizi aliyelala kwenye buti la gari la mwenye nyumba. Vikishafika hujenga makazi ndani ya chembe zinazolinda ubongo wenyewe. Seli za neva, ambazo ndizo zinazofikiri na kukumbuka, kwa kawaida hazivamiwi. Zinadhurika kwa sumu inayomwagwa na jirani aliyeambukizwa na kwa vita vya kinga visivyokwisha pembeni yao.

Madhara hayo huanzia kilindini, kwenye vituo vinavyopanga kasi ya mwendo na msukumo wa kutenda, na kwenye nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Ndiyo maana ugonjwa huu unawahadaa watu. Mgonjwa anaweza kukujua kwa jina, akakusalimu vizuri, akakusimulia mkasa wa zamani bila kuacha hata nukta. Kinachoondoka mapema ni wepesi: wepesi wa vidole, wa miguu, wa kuamua, wa kushika jambo jipya. Kinafuata kile kimya ambacho majirani hukiita kujitenga, wengine kiburi, na wengine humpeleka mwenyewe kwa mganga wakisema ni mambo ya watu.

Si jambo jipya. Mwaka 1986 madaktari Bradford Navia, Barry Jordan na Richard Price walieleza kwa kina huko New York demensia iliyowapata wagonjwa wa UKIMWI, yaani kuporomoka kwa kumbukumbu, fikra na mwendo. Mwaka 2007 wataalamu walikubaliana kuugawa ugonjwa huu katika ngazi 3: hitilafu inayoonekana kwenye vipimo tu, hitilafu nyepesi inayogusa shughuli za kila siku, na demensia kamili. Dawa za kufubaza makali ya VVU zimeipunguza sana ngazi ya tatu. Zile mbili za chini bado zipo. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa 2010, uliowahusisha watu 1,555, ulikuta zaidi ya nusu wana hitilafu ya kiwango fulani, ingawa wenye demensia kamili walikuwa wachache mno, karibu asilimia 2. Na karibu na kwetu, utafiti uliochapishwa 2007 ulikuta asilimia 31 ya wagonjwa waliopimwa katika kliniki moja ya Kampala wana demensia ya VVU. Kampala si mbali. Dawa za huko ni dawa zetu, na wasafiri wa huko ni wasafiri wetu.

Ubongo unaougua hivi hutoa ushahidi ambao jicho linaweza kuuona. Seli za ubongo huwasiliana kwa umeme, na mwaka 1924 daktari Mjerumani Hans Berger, mjini Jena, alifaulu kuunasa umeme huo kutoka kichwani mwa binadamu, akautangaza kwa maandishi 1929. Hospitalini kipimo hicho leo huitwa EEG, kipimo cha mawimbi ya ubongo. Mgonjwa huambiwa aoshe nywele na asipake mafuta, na aliyesuka huenda akatakiwa kufumua. Mpimaji huzungusha tepu kichwani, kutoka kati ya nyusi hadi kisogoni, kutoka sikio hadi sikio, akatia alama, kisha akabandika visahani vidogo vya chuma kama 20 kwa uji mzito unaoshika kwenye ngozi. Mwanga hupunguzwa. "Fumba macho, mama. Tulia hivyo hivyo. Fumbua. Fumba tena." Wengi huingia chumba hicho wakiogopa kupigwa shoti. Waambiwe ukweli: mashine haitii umeme wowote kichwani. Inausikiliza ule uliomo, ambao ni mdogo kiasi cha kupimwa kwa sehemu za milioni za volti.

Mtu mzima mwenye afya akifumba macho, nyuma ya kichwa chake hutokea wimbi liitwalo alfa, mapigo kati ya 8 na 13 kwa sekunde, mara nyingi karibu na 10. Linapiga kwa mpangilio, kama mchi wa mtwangaji aliyezoea kinu chake. Akifumbua macho, wimbi hilo linafifia. Chini yake kuna theta, mapigo 4 hadi 7 kwa sekunde, na delta, chini ya 4, ambazo kwa mtu mzima hutawala zaidi usingizini. Katika demensia ya VVU mpangilio huu unavurugika. Alfa hupungua kasi na nguvu. Theta na delta hujitokeza mtu akiwa macho, hasa mbele na ubavuni mwa kichwa, kana kwamba sehemu ya ubongo imesinzia mwenyewe akiwa ameketi anazungumza. Ugonjwa ukizidi, mawimbi huzidi kuwa mazito, na mwishoni huweza kupungua kimo mpaka mchoro ukakaribia kulala.

Ukiutazama mchoro wa namna hiyo, mapigo 7 mahali palipostahili 10, unaanza kuelewa kwa nini uzi haukuingia kwenye sindano. Haukuwa uvivu. Haikuwa dharau kwa muuguzi. Mchi umechelewa kushuka.

Lililo kubwa zaidi ni kwamba mchi huo unaweza kurudishwa kwenye mwendo wake, angalau kwa kiasi. Watafiti wa Italia wakiongozwa na Claudio Babiloni waliwapima watu wenye VVU ambao hawajaanza dawa, wakakuta alfa imepungua na delta imepanda. Baada ya miezi 5 ya dawa, sehemu ya mpangilio wa kawaida ilikuwa imerejea. Kampala nako, utafiti uliochapishwa 2006 ulionyesha wagonjwa wenye hitilafu ya ubongo wakipata nafuu katika vipimo vya kumbukumbu na wepesi baada ya miezi 3 na 6 ya dawa. Hapo ndipo wajibu unapopata makali yake. Ugonjwa usiotibika humwachia mganga kazi ya kufariji. Ugonjwa unaoweza kurudi nyuma humwachia deni, na deni hilo hukua kila tarehe ya kliniki inayopita bila ubongo kuulizwa chochote.

Tusidanganyane kuhusu mashine. EEG peke yake haiwezi kutamka kwamba mtu ana demensia ya VVU. Mawimbi mazito hutokea pia figo au ini likishindwa kazi, mtu akitumia baadhi ya dawa za kifafa, au ubongo ukishambuliwa na fangasi, toksoplasma au kifua kikuu. Kwa watu wasio na dalili yoyote, tafiti zimetofautiana: nyingine zilikuta mabadiliko ya mapema, nyingine hazikukuta chochote. Mashine hii ni shahidi, na shahidi husikilizwa pamoja na wenzake: kipimo cha maji ya uti wa mgongo, kipimo cha kaswende, picha ya ubongo, na mazungumzo marefu na mgonjwa na anayelala naye nyumba moja. Kwa hiyo hatudai kila zahanati iwekewe EEG. Anayedai hivyo hajui zahanati, au anatafuta zabuni.

Tunachodai kwanza hakihitaji umeme. Mwaka 2005 kilichapishwa kipimo kifupi cha kuchuja demensia ya VVU, kilichojaribiwa Marekani na Uganda kwa wakati mmoja, kwa makusudi kwamba kifanye kazi penye wataalamu wachache na kwa mgonjwa wa lugha yoyote. Muuguzi hutaja maneno 4, taratibu: mbwa, kofia, maharage, nyekundu. Mgonjwa huyarudia. Kisha hugonganisha kidole gumba na cha shahada cha mkono asioutumia kuandikia, kwa upana na kwa kasi awezayo, kwa sekunde 5, muuguzi akihesabu. Kisha hufanya mfululizo wa mkono juu ya meza: ngumi, kiganja chini, mkono wima kwa ubavu wa kidole cha mwisho, tena na tena kwa sekunde 10. Mwisho anaulizwa: yale maneno 4 yalikuwa yapi? Alama ni 12. Anayepata 10 au chini yake achunguzwe zaidi. Kipimo hicho huchukua dakika chache tu na hakihitaji zaidi ya saa yenye mshale wa sekunde.

Nacho kina mipaka yake, na tunaitaja ili asitokee mtu wa kukigeuza rungu. Katika majaribio yale kilinasa karibu wagonjwa 8 katika kila 10 wenye demensia, lakini pia kiliwatia shakani watu wengi wasio nayo. Atakayepata alama ndogo hajahukumiwa. Ameonyeshwa mlango wa uchunguzi unaofuata. Huko Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo kingine cha wazee ambacho hata asiyejua kusoma anakiweza, na sehemu yake moja ni kunakili umbo lililopangwa kwa njiti za kiberiti. Njiti za kiberiti! Nchi iliyozaa kipimo cha njiti haiwezi kusimama mbele ya watu wake ikasema haikuwa na vifaa.

Tuanze na Serikali na Wizara ya Afya, kwa kuwa kwao ndiko miongozo inakotoka. Kila hudhurio, mgonjwa wa VVU huulizwa kama anakohoa, ana homa, amepungua uzito, anatokwa jasho usiku. Maswali hayo ya kifua kikuu yamekuwa ya lazima hata muuguzi huyatamka bila kufikiri, na ndivyo yanavyookoa watu. Hayakuwa hivyo tangu mwanzo. Kuna siku mtu aliamua yawe lazima, akaweka nafasi kwenye fomu, na kliniki zikaanza kudaiwa majibu. Ubongo nao upewe nafasi yake kwenye fomu. Uchujaji ufanyike mtu anapoanza dawa, urudiwe kila mwaka, na ufanyike papo hapo kwa yeyote ambaye ufuasi wake umeshuka au wingi wa virusi umepanda bila sababu inayojulikana. Mgonjwa aliyetulia siku hizi hupewa dawa za miezi 6, hivyo huonekana mara 2 tu kwa mwaka. Ni mpango mzuri uliopunguza foleni na nauli. Lakini mara hizo 2 zikipita bila swali la ubongo, mwaka mzima umepita.

Hospitali za rufaa za kanda ziwe na EEG inayofanya kazi, yenye mtu wa kuiendesha na mtu wa kuusoma mchoro. Tunasema vyote vitatu kwa pamoja kwa kuwa tumechoka na habari za mashine zilizofunikwa shuka. Mchoro ukishakuwa wa kidijitali unaweza kupimwa katika mji mmoja ukasomwa katika mji mwingine jioni ileile. Mfuko wa kulipia huduma hii uanzishwe nyumbani. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, huduma za VVU katika nchi nyingi za Afrika zilitikisika, na kila mtu aliona gharama ya kulala juu ya kitanda cha kuazima. Viongozi wa Afrika waliahidi pale Abuja, 2001, kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi ile haijafutwa na mtu yeyote. Na katika kitita cha huduma cha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, uchunguzi wa ubongo usibaki nje kama anasa ya wenye nacho.

Madaktari, matabibu na wauguzi, wajibu wenu ni wa karibu zaidi kwa sababu mgonjwa anakaa mbele yenu. Msitosheke na karatasi inayosema virusi havionekani. Ni habari njema, na utafiti wa kitaifa wa 2022-2023 ulithibitisha kwamba idadi kubwa ya watu wazima walio kwenye dawa nchini wamefikia hatua ya kufubaza virusi. Lakini karatasi hiyo inazungumzia damu. Wapo watu wachache ambao virusi vyao vimetulia katika damu na bado vinazaliana katika maji ya uti wa mgongo, na wapo ambao madhara yalitokea zamani, wakati chembe zao za kinga ziitwazo CD4 zilipokuwa chini kabisa, yakabaki kama kovu. Msikimbilie pia kumpa kila anayesahau jina la demensia. Sonona huiba kumbukumbu. Pombe huiba. Kaswende iliyofika kwenye ubongo huiba, na ina tiba. Homa ya uti wa mgongo ya fangasi inaua mgonjwa wakati watu wanabishana kama ni uzee. Kuchunguza ni kutenganisha wezi hawa, mmoja mmoja.

Muulizeni na aliyemsindikiza. Mgonjwa wa hali hii mara nyingi hajui alichopoteza, kwa kuwa kinachopotea ni pamoja na uwezo wa kujiona. Lakini kabla ya kumuuliza mke, mwana au jirani, pateni ridhaa ya mgonjwa mwenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya 2008 inalinda siri yake, na siri haipungui uzito kwa sababu mwenye siri ameanza kusahau. Inazidi, maana sasa anategemea wengine waitunze kwa niaba yake.

Vyuo vya afya navyo vina la kujibu. Mwanafunzi anayehitimu akijua majina ya dawa zote za VVU na hajawahi kumwambia mgonjwa "gonganisha vidole nikuhesabie" amefundishwa nusu ya kazi. Watafiti nao wasijifiche nyuma ya majarida. Watu wa Kampala na Kilimanjaro walitoa damu, saa zao na uvumilivu wao ili maarifa haya yapatikane. Matokeo yakiishia kwenye makala ambayo muuguzi wa kata hataisoma kamwe, waliojitolea wamedhulumiwa. Yaandikwe kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja, yabandikwe ukutani pale kliniki ilipo.

Waajiri wasigeuze ulegevu wa mfanyakazi kuwa njia ya mkato ya kumfukuza. Sheria ileile ya 2008 inakataza ubaguzi dhidi ya anayeishi na VVU. Dereva au mwendesha mitambo ambaye wepesi wake umepungua anapaswa kuondolewa kwenye usukani, na hilo hatulipingi hata kidogo. Maisha ya abiria ni maisha. Lakini kuondolewa kwenye usukani na kutupwa barabarani ni mambo mawili. Kuna kazi za bohari, za lango, za karakana. Apewe matibabu, apewe muda, apimwe tena.

Viongozi wa dini na waganga wa asili husikilizwa kabla ya daktari. Huo ndio ukweli wa nyumba zetu. Kwa hiyo neno lao lina uzito wa kisheria mioyoni mwa watu hata kama halimo katika sheria. Anayemwambia mgonjwa aache vidonge kwa sababu ameombewa, au kwa sababu majini ndiyo yaliyomkalia kichwani, anamvunjia ukuta ambao ubongo wake unaegemea. Dua iendelee. Vidonge viendelee. Hakuna kitabu kinachomlazimisha mja kuchagua kimoja.

Familia, nanyi mna sehemu yenu, na ndiyo nzito kwa kuwa ni ya kila siku. Mficha maradhi kilio humuumbua, na mnayeficha maradhi ya baba kwa kuogopa maneno ya mtaani mtaumbuliwa pamoja naye. Wekeni kopo la vidonge mahali pamoja, panapoonekana, karibu na kitu anachokigusa kila siku, iwe mswaki au redio ya taarifa ya habari. Simu ya mjukuu iwekewe kengele ya saa ya dawa. Tarehe ya kliniki iandikwe kwa mkaa ukutani kama ikibidi. Mmoja wenu awe msaidizi wake wa tiba kwa jina, ajulikane kliniki, aende naye. Na mnapomwona amekaa kimya barazani, msimseme kwa sauti akisikia. Mara nyingi anaelewa zaidi ya anavyoweza kujibu.

Nanyi mnaoishi na VVU mna haki ya kudai. Katika konga zenu, yaani mitandao yenu, mmejifunza kuuliza: wingi wa virusi vyangu ni kiasi gani? Ongezeni swali la pili: ubongo wangu mmeupima lini? Mkiona mwenzenu anapotea mikutanoni, msimwandike ameasi. Mfuateni. Na kinga iliyo bora kuliko zote ni ile mliyokwisha kuijua: kupima mapema, kuanza dawa mapema, kutoziacha. Anayeanza kabla kinga yake haijaporomoka anaulinda ubongo wake kwa namna ambayo hakuna mashine itakayoweza kuirudisha baadaye.

Utafiti ule wa 2022-2023 ulikadiria kwamba watu wazima wanaoishi na VVU Tanzania ni zaidi ya milioni 1.5. Walioanza dawa vijana sasa wanaingia uzeeni, jambo ambalo miaka 25 iliyopita hakuna aliyethubutu kuliota. Shinikizo la damu, kisukari na kiharusi vinawasubiri huko kama vinavyowasubiri wazee wote, na kila kimoja kinakula ubongo kwa njia yake. Tuliwapigania wasife. Kuwaacha wazeeke wakiwa wamepotea ndani ya vichwa vyao wenyewe, huku tukiwahesabu kuwa ni mafanikio kwa sababu damu yao ni safi, ni kuiacha kazi katikati.

Kwa hiyo tunarudi kwenye orodha. Agizo la kuibadilisha halihitaji mfadhili wala semina ya hotelini. Mganga mfawidhi anaweza kulitoa kesho asubuhi kwenye kikao cha dakika 10: kuanzia leo, hakuna jina litakaloandikwa miongoni mwa watoro kabla mwenye jina hajatafutwa, akakalishwa mezani, akaambiwa maneno 4 na vidole vyake kuhesabiwa kwa sekunde 5. Akiyakumbuka maneno yote na vidole vikienda kasi, karipio linaweza kuwa na nafasi yake, ingawa hata hapo swali la nauli na la njaa lingetangulia. Akikumbuka maneno mawili, au vidole vikisitasita kama vya fundi mbele ya sindano, kalamu iliyokuwa tayari kuandika "mtoro" iandike rufaa.